Vijiko na visu vya marehemu bibi, hii ni fedha kweli au ya kuchovya?

MwanaMkunazini

Asalam alaykum jamani, na wengine wote habari za saa hizi. Nina suali naomba msinicheke.

Bibi yangu mzaa baba katutoka mwezi wa Shaaban, Mungu amrehemu. Katika kugawana vitu vya ndani mie nimeangukiwa na kisanduku cha mbao ambacho tangu tuko wadogo tulikuwa tukikiona juu ya kabati na hakuna anaeruhusiwa kukigusa ila sikukuu. Ndani mna kitambaa cha buluu kishaliwa na mende, na juu yake vyombo vya mezani vya kizungu, si vya kulia vile, ni vya kupakulia. Babu alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja wa serikali zama za Muingereza, alivyokuwa anarudi kwao akamwachia, na huyo mzungu mwenyewe inasemekana alikuwa ameachiwa na bibi yake, yaani ni vitu vya enzi ya Malkia Victoria huko. Ndo hadithi tuliyokua nayo.

Vyenyewe ni kisu kipana kama mwiko bapa, kimechorwa samaki na majani na kimetobolewa tobolewa kama dantela, na uma wake mkubwa, vyote viwili mipini myeupe. Kuna kijiko kikubwa mno, kimejaa matunda yaliyovimba ndani yake na humo ndani rangi kama ya dhahabu. Koleo ya sukari yenye kucha za ndege. Na mkasi mfupi una mizabibu kwenye mikono, butu, haukati hata uzi. Bibi kile kisu akikatia mkate wa mayai siku ya Idi, kijiko kikipakua pilau, na mkasi sisi watoto tukikatia shokishoki kwenye kichala.

Sasa juzi kaja mtu mmoja ananunua vitu vya zamani, kavipima kwenye kimizani chake akasema "hii si fedha dada, bati tu hii", kwa vyote ananipa elfu 60. Nikamwambia nitafikiri. Akafika mlangoni akarudi, eti basi kama hutaki kuuza vyote nipe hichi kijiko cha matunda peke yake elfu 40 sasa hivi. Hapo ndo moyo ukashtuka. Bati gani la elfu 40 kijiko kimoja?

Na nimefanya kosa, kabla hajaja niliusugua ule uma kwa ukwaju na makumbi kama tunavyosugua masinia ya shaba, umeng'ara lakini ncha za meno zimekuwa na rangi ya manjano manjano. Nimeuharibu?

kijana_wa_jangombe

Mie nina suali moja tu, mzungu kala samaki miaka yote hiyo na visu viwili, sisi huku mkono mmoja na mwiba unatoka. Nani kaendelea hapo 😂

Pole kwa msiba lakini dada.

mjukuu_wa_sonara

Wa alaykum salam. Pole sana kwa bibi. Babu yangu alikuwa sonara hapo mjini na mie nimekulia dukani kwake nikipuliza mkaa, kwa hiyo nitakwambia nnachokijua na usiuze kitu mpaka usome hapa.

Uzito haukwambii chochote na sumaku pia haikwambii, watu wanapenda kukimbilia sumaku lakini fedha haishikwi na sumaku na madini meupe yaliyo chini ya hizi za kuchovya nayo hayashikwi, kwa hiyo utapata jibu la uongo. Cha kufanya chukua lensi au simu yako uvute karibu, uangalie mgongo wa kila kimoja, pale shingo inapoanza. Kuna mihuri midogo. Ukiona herufi EPNS ujue hiyo ni ya kuchovya kwa umeme, juu fedha na ndani ni ile inayoitwa nikeli silva, ambayo jina tu silva lakini haina hata chembe ya fedha, ni shaba na zinki na nikeli. Zile ncha kuwa manjano manjano ndo hiyo inachungulia. Ingekuwa nyekundu ya shaba khasa ningesema ni ile ya zamani zaidi, ya Sheffield huko Uingereza, walikuwa wanabandika bamba la fedha juu ya bamba la shaba kwa moto halafu wanalipitisha kwenye rola, hiyo imeanza miaka ya 1740 huko. Ya umeme imekuja baadae, jamaa wa Birmingham wakiitwa Elkington walichukua hataza 1840, Victoria ana miaka mitatu tu kwenye kiti. Wanakitumbukiza kijiko kwenye maji yaliyotiwa dawa kali sana, sayanidi, upande wa pili wananing'iniza bamba la fedha tupu, wanapitisha umeme, na fedha inahama kidogo kidogo kutoka kwenye bamba inakwenda kukaa juu ya kijiko. Babu alikuwa akisema huo ni uchawi wa halali.

Ndo kilichofanya nyumba za watu wa kati Uingereza zote zikawa na vyombo vya kumetameta, mwalimu wa skuli, karani, mwenye duka, watu ambao fedha tupu hawaiwezi. Na kwa sababu madini ya ndani ni rahisi wakaachia nakshi bila huruma, samaki, mizabibu, kucha za tai, unavyoona.

Fedha ya kweli ya Kiingereza haina EPNS. Inakuwa na simba anaetembea. Tafuta simba.

MwanaMkunazini

Subhanallah!! Kisu na uma vina EPNS kila herufi kwenye kijisanduku chake, maandishi yale ya kanisani kanisani. Jamani sisi miaka yote tunaambiwa hayo ndo majina ya yule mzungu. Baba angu alikuwa akituhadithia kabisa "bwana Edward P. N. S." 😭

Kuna kibendera kidogo pia kina W&H na pembeni A1. Koleo EPNS. Mkasi EPNS. Kijiko bado, kimeingia weusi mgongoni sioni, nikisafishe kwanza?

Mapokezi_Nungwi

Naomba niingie, mimi nimesoma mambo ya hoteli na nimefanya kazi ya mezani miaka mingi, vitu hivi tulifundishwa majina yake tu hatujawahi kuvigusa.

Hicho kisu kipana na uma ni vya kupakulia samaki mzima mezani, samaki anakuja kwenye kombe refu, anaepakua anampasua kwa bapa na kumnyanyua kwa uma ili asivunjike. Yale matobo si urembo tu, ni mchuzi udondoke. Kwanini fedha, kwa sababu wakati huo chuma kisichoshika kutu hakipo, kimekuja 1913 pale pale Sheffield na mtu anaitwa Harry Brearley, kabla ya hapo kisu ni chuma cha kawaida na samaki wazungu wanamtia ndimu au siki, ndimu ikikutana na chuma kile inageuka nyeusi na samaki anakuwa na ladha ya msumari. Fedha haifanyi hivyo. Matunda vile vile.

Na mkasi wenu wa shokishoki ni mkasi wa zabibu 😄 bakuli la zabibu linapita mezani, mtu anakata kishada chake kidogo bila kuzishika zabibu za wenzake. Kwa hiyo nyie watoto mlikuwa mnautumia kazi yake ile ile, shokishoki nayo inakaa kichala.

Halafu kuna kichekesho, wale matajiri wa zamani khasa, mabwana wa majumba, walikuwa wakivicheka visu vya samaki. Kwao ukiwa na visu vya samaki maana yake umevinunua juzi dukani, hujarithi. Wao walikuwa wanakula samaki kwa uma mbili, au uma na kipande cha mkate.

BiKonde

Mwanangu MwanaMkunazini usisugue tena. Nasema usisugue. Mie niko Pemba kuno na mama angu alikuwa na birika ya namna hiyo, tumeisugua jivu na ndimu kila mwezi wa Mfungo Mosi mpaka ikabaki kama sufuria, na kila tukisugua twaona uchafu mweusi unatoka kwenye kitambaa twafurahi, kumbe ile nyeusi ndo fedha yenyewe yatoka na kutu yake. Ukwaju na makumbi ni vya shaba. Shaba ni nene mwanangu, hata ukiila leo kesho iko. Hii ya kuchovya ni ngozi ya kitunguu.

Weusi wa fedha si uchafu, ni salfa iliyo hewani imeshikana nayo, na mayai ndo khatari zaidi, kijiko cha fedha ukikiacha kwenye mayai usiku kucha asubuhi utadhani kimeungua. Na bibi yako akikatia mkate wa mayai, ndo maana kisu hicho kikawa cheusi kila Idi.

Sasa fanya hivi. Twaa bakuli ya plastiki, tandika ile karatasi ya kung'aa ya kufungia nyama ya kuoka, foili, upande wowote. Tia maji ya moto na bekingi soda vijiko viwili vitatu, weka kijiko kiiguse ile karatasi. Utasikia harufu ya yai bovu, usiogope, ule weusi unaihama fedha unakwenda kwenye karatasi na fedha inabaki pale pale haikutoka kitu. Dakika chache tu kisha osha na ukaushe. Ila kisu na uma vyenye mipini usivitumbukize hata kidogo! Mipini ile imegandishwa kwa gundi ndani, maji ya moto yakiingia itakubakia mkononi.

Na Jik isikaribie. Na ile Brasso ya buluu usipake, ni ya shaba, yakwangua, ya fedha ni Silvo kama utaipata. Ukimaliza fungia kwenye kitambaa cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa mara nyingi ndo kizuri, usifunge na mpira wa noti kwa kuwa mpira nao una salfa, utakuja kuta mstari mweusi kiunoni kama mkanda.

kijana_wa_jangombe

Bi Konde weye ulikuwa mwalimu wa sayansi sio bure

BiKonde

Miaka 31, na wengine kama nyie nikiwatoa nje ya darasa.

yakhe_wa_shangani

Yakhe mnazungumza vijiko mie nimekodoa macho kwenye mipini myeupe. Nimewahi kufanya kazi duka la vitu vya kale zamani kidogo. Dada hebu tazama hiyo mipini vizuri kwa sababu ikiwa ni pembe ya ndovu hiyo hadithi inageuka kabisa.

Watu wa Sheffield walikuwa wakitia mipini ya pembe kwa maelfu, na karne ya 19 soko kubwa la pembe Afrika Mashariki liko wapi? Hapa hapa. Misafara inatoka bara inakuja Bagamoyo, inavuka, pembe zinapimwa forodhani, Wahindi na Wamarekani na Wazungu wananunua, zinakwenda Bombay, London, nyingine Marekani kufanyiwa vibao vya piano. Tippu Tip huyu nyumba yake iko Shangani hapa kila siku napita, utajiri wake ni huo. Na si pembe tu zilizokuwa kwenye misafara ile, na watu waliofungwa minyororo walikuwamo, hilo nalo tusilipite kama hatulioni. Kwa hiyo inawezekana kabisa mpini ulitoka Unguja kama pembe ukenda Uingereza, ukarudi Unguja kama kisu cha samaki kwenye sanduku la mzungu, babu yako akapewa. Mie nywele zimenisimama.

Kutazama ni hivi, pembe ukiigeuza kwenye mwanga, pale inapokatwa kichwani, ina mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vidoti vidoti vidogo vyeusi kama vya kalamu. Na kuna plastiki ya zamani iliyoigiza pembe, seluloidi, hiyo mistari yake imenyooka sambamba kama daftari, mno imenyooka.

Na ikiwa pembe kweli usije ukampa mtalii aondoke nayo, biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi imepigwa marufuku tangu 1990, atakamatwa uwanja wa ndege na atakutaja.

MwanaMkunazini

Yakhe nimesoma maneno yako nikaenda mbio na tochi. Nimeita mpaka wadogo zangu. Vidoti. Vidoti vyeusi tele 😔

yakhe_wa_shangani

Basi mfupa. Ng'ombe wa Kiingereza huyo, ahsanteni kwa kunisikiliza.

mjukuu_wa_sonara

😂😂 Yakhe pole. Lakini dada hebu kabla hujaiweka, baina ya mpini na bapa kuna pete? Tazama hiyo pete. Bendera ya W&H ni Walker & Hall wa Sheffield, hao wametengeneza hadi karne ya 20 kwa hiyo bendera peke yake haithibitishi kama ni ya Victoria, na A1 ni wao wenyewe wanajisifu kwamba wamechovya nene. Lakini pete mara nyingi wanaifanya ya fedha kweli hata kama chombo kizima ni cha kuchovya, na fedha kweli kisheria lazima ipigwe muhuri na herufi ya mwaka. Pete ndo cheti cha kuzaliwa.

Na kijiko vipi?

MwanaMkunazini

Pete ina taji, ina simba mdogooo, na herufi nusu imefutika. Ntapiga picha mchana kwenye jua.

Kijiko nimekifanyia ya Bi Konde, harufu kweli yai bovu nyumba nzima mama kauliza kimepasuka nini. Weusi umetoka wote. Hakuna EPNS. Nimeangalia mara tatu. Kuna simba anatembea kanyanyua mguu wa mbele, kuna uso wa mnyama kama paka amevaa taji anatukodolea macho, kuna herufi moja, na kuna kichwa cha mtu ubavu, anatazama kulia. Na herufi mbili za pembeni. Vyote vimejipanga kwenye mkono wa kijiko kwa nyuma.

mjukuu_wa_sonara

Dada kaa chini.

Hicho kijiko ni fedha tupu. Simba anaetembea maana yake 925 katika 1000. Paka si paka ni chui, ni alama ya London, na akiwa na taji ni kabla ya 1821 kwa sababu mwaka huo walimvua taji. Kichwa cha mtu ni alama ya ushuru, kwamba kodi ya mfalme imelipwa, imepigwa kati ya 1784 na 1890. Ingekuwa Victoria angetazama kushoto. Anaetazama kulia ni mfalme wa kabla yake, na kwa chui mwenye taji basi huyo ni George wa tatu au wa nne mwanzo mwanzo.

Yaani kijiko kina umri kuliko Victoria mwenyewe aliezaliwa 1819, au wamelingana. Sasa utaniuliza mbona kimejaa matunda kama vitu vya Victoria. Wakati ule kilitoka kijiko cha mezani cha kawaida kabisa, kitupu, laini, hakina ua. Baadae enzi ya Victoria watu wakawa wanaona vijiko vya babu zao vinachusha, wakavipeleka kwa fundi akavigonga matunda kwa nyundo na kalamu za chuma na akapaka dhahabu ndani ili asidi ya matunda isiile fedha, vikawa vijiko vya kupakulia matunda. Wanaojua huko wengine wanachukia, wanasema wameharibu kijiko safi. Mie naona kizuri bwana, babu angekaa nacho wiki nzima.

Ukitaka kuhakikisha, upande wa nyuma wa bakuli la kijiko utaona matunda yamebonyea kinyume, na mihuri pengine imepinda kidogo sababu kimegongwa baada ya kupigwa muhuri.

Na usikubali mtu akikune na jiwe na kumwagia asidi upande wa mbele, hata sonara. Mihuri hiyo inatosha.

Mapokezi_Nungwi

Sasa yule bwana na kimizani chake alijua!! Vya EPNS hata huko kwao ni rahisi, viko tele, ndo maana akasema elfu 60 kwa vyote, alikuwa anavibeba vyote apate kimoja. Ulipokataa akachomoa alichokuja kukitaka.

BiKonde

Na uma wako usiupeleke kuchovywa upya. Meno manjano ni uzee, hata mie ninayo.

kijana_wa_jangombe

Haya nimekubali, wazungu wameendelea. Auze au asiuze?

MwanaMkunazini

Jamani Mungu awalipe kila mmoja, mie nilikuja na suali moja nimetoka na skuli nzima. Nyuma ya bakuli ndo hivyo hivyo matunda yamebonyea, na simba mkono umempinda kidogo, masikini. Baba nimemwambia kwamba bwana Edward P. N. S. hajawahi kuzaliwa, kakaa kimya kisha kaniuliza kwani huyo W&H ni nani.

Bwana wa kimizani kanipigia tena leo asubuhi, elfu 90 kwa kijiko. Nimemwambia kina kazi, Ijumaa tuna hitma ya bibi na pilau ni masufuria mawili.